Kombora Lililokalia Posa Yangu

Nyumbani kwa Ami siasa ilikuwa haramu mezani, isipokuwa anayezungumza awe yeye mwenyewe. Ami ni kaka mkubwa wa marehemu baba yangu. Alizaliwa Unguja, akatoka kijana mwaka ule wa mapinduzi, akapita Mombasa, ambako baadaye baba yangu alimfuata na kuoa, naye Ami akaendelea mpaka Dubai wakati mji huu, kwa maneno yake, ulikuwa "mchanga, nzi na Mwenyezi Mungu." Mimi nilimfuata miaka mingi baadaye, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, nilipopata kazi ya mapokezi katika kliniki ya macho kule Oud Metha. Nikakaa naye Al Mankhool, kwenye fleti yenye harufu ya udi, vitunguu na dawa ya kuchulia magoti.

"Sikilizeni," Ami husema kila Ijumaa, akichambua miba ya samaki. "Vita Kuu ya Pili ilikwisha. Mmarekani na Mrusi, waliompiga Mjerumani pamoja, wakatazamana: haya, sasa bwana ni nani? Mmarekani akasema ukomunisti ni moto wa makuti, ukishika paa moja mtaa wote unakwenda. Akaanza kuizunguka dunia na ndoo zake za maji. Huku kaweka jeshi, huku mkopo, huku redio. Mrusi naye hakulala. Sasa niambieni, watu hawa wangekosa kukifikia kisiwa chetu cha karafuu?"

"Wangekosaje!" tunajibu mimi na mkewe, ambaye namwita Mama Mkubwa, kwa sauti moja kama watoto wa chuoni. Tulikuwa tunaijua khutba yote, mpaka mahali pa kukohoa.

Sehemu iliyofuata ndiyo yake hasa. Wamarekani walikuwa na kituo shamba, nje ya mji, cha kusikiliza vyombo vyao vikipita angani, na Ami, kijana mwenye leseni mpya, alikuwa dereva wao. Siku moja mtu alipita juu ya Unguja ndani ya chombo, kituo kizima kikanyamaza, na Ami akiwa uani aliisikia sauti ikitoka kwenye spika. "Sauti ya mtu aliye mbinguni na hajafa!" Hapo lazima anyanyue kidole. Kisha yakaja mapinduzi, wakaja wanaojiita makomredi, wakaandamana na mabango kwamba pale shamba Wamarekani wameficha makombora. Kituo kikafungwa, Wamarekani wakafungasha, Ami akabaki na funguo za gari lisilo lake. Akaapa hatakanyaga Unguja tena. Mwenyewe alikuwa anatuhakikishia kwamba pale hapakuwa na kombora hata la kuchongea penseli.

Mimi nilikuwa nakaribia thelathini, na Mombasa shangazi zangu walishaanza kunitazama kama sahani za kabatini zinazongoja mgeni. Basi Mungu si Athumani, akaniletea kijana wa Kizanzibari aliyekuwa akifanya kazi mapokezi ya hoteli moja Dubai Marina. Alikuja kliniki na mchanga jichoni. Mchanga ulitolewa siku hiyo hiyo, lakini yeye akaendelea kuja na jicho zima, ati linamwasha. Mlinzi wetu wa mlangoni, dada wa Kikenya kutoka Kakamega, akaniambia, "Sister, hiyo macho haiwashi. Hiyo ni moyo."

Alikuwa mpole, mcheshi, hapandwi na hasira, na mimi mwenyewe kwa hasira sijambo, kwa hiyo tulifaana. Nikimsimulia habari za Ami na khutba zake, anacheka. "Huku kwetu Mrusi na Mmarekani wanagombania viti vya bwawa la kuogelea tu," aliniambia. "Asubuhi wanatangulia kutandika mataulo. Mimi ndiye baraza la usalama." Nilimpenda. Sina njia ya kuzunguka neno hilo.

Aliyemlea ni babu yake, na babu huyo alikuwa anakuja Dubai kutolewa mtoto wa jicho. Tukaona ni safari moja mambo mawili: babu atibiwe, na babu alete posa. Mshenga wetu akawa fundi cherehani wa mtaani kwetu, mwanamke wa Lamu, ulimi wake umetiwa asali na hiliki. Yeye ndiye angetangulia kusema, kama ilivyo desturi, na kazi ya mshenga kila mtu anaijua: kuupamba upande wa mume mpaka wa mke waone haya kukataa.

Siku ya posa nyumba ilifukizwa. Mama Mkubwa alitoa vikombe vya kahawa ambavyo hata mimi sikujua kuwa tunavyo. Babu akaingia, mrefu, mwembamba, kofia ya kiua kichwani na koti zito mwilini kwenye joto lile, akiongozwa mkono na mjukuu wake. Wakaamkiana na Ami, wakaulizana ya nyumbani, wakagundua kuwa walikua mitaa miwili iliyopakana. Ami akafurahi! Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la ukumbini, sikio limesimama, nikajisemea, mwanamke wewe umeshaolewa.

Ndipo mshenga akavuta pumzi. Akamsifu kijana kwa swala na kazi. Akasifu ukoo. Kisha akamgeukia babu, maskini, akatoa kile alichodhani ndiyo almasi ya sanduku zima. "Na mzee huyu mnayemwona si mtu mdogo. Ni komred. Kasomea ujenzi Ujerumani ya Mashariki, karudi kajenga mafleti kwa watu. Na ujanani mwake alikuwa mbele katika wale vijana walioandamana kuwafukuza Wamarekani na makombora yao!"

Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani. Taratibu.

"Makombora gani?" aliuliza Ami.

"Ya shamba kule," akasema babu, kwa adabu tu, hajui anakanyaga wapi. "Kile kituo chao."

"Mimi nilikuwa dereva wa kituo kile."

"Lo!" akasema babu. "Basi wewe uliyaona."

Masalale! Sijapata kumsikia Ami akipaza sauti vile. Kwamba hapakuwa na kombora. Kwamba ni wao, na mabango yao, waliomtoa kazini na kwao. Babu naye akasimama, akasema mabeberu hawajengi kituo katikati ya mihogo ya watu ili wasikilize upepo. Mshenga akajaribu kuingiza halua baina yao, ikarudishwa. Kwetu posa haijibiwi papo hapo. Mzee husema tumesikia, tutawajibuni, hata kama jibu analo mfukoni. Ami alijibu papo hapo. "Siku atakapotamka kwa kinywa chake kwamba hapakuwa na kombora, siku hiyo nitaozesha." Na babu, akiwa mlangoni anatafuta viatu kwa miguu kwa sababu macho hayaoni, akajibu, "Sitasema uongo kwa ajili ya pilau."

Basi vita baridi ikahamia Al Mankhool. Mchumba wangu alikatazwa kupita kabati la viatu. Akileta matunda, yanapokewa pale pale kizingitini, naye anapewa asante na mlango. Nikamuuliza Ami, mtoto wa watu amekosa nini? Akanijibu kwa utulivu wa kuudhi, "Ukimruhusu komred avue viatu, kesho atauliza choo kiko wapi, na keshokutwa fleti hii ni mali ya umma." Mama Mkubwa alikuwa akiyapitisha matunda kwa mlango wa jikoni, na Ami akiyala bila kuuliza yametoka wapi. Mshenga akawa mjumbe wa mataifa: asubuhi kwetu, jioni kule Bur Dubai alikofikia babu kwa jamaa zake. Kule alikuwa anapewa maneno ya kumpelekea "dereva wa mabeberu," na huku ya kumpelekea "huyo komred," na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa amani, njiani aliyamwaga yote akafika na salamu tu.

Wenzangu wanacheka wakisikia haya, na mimi leo nacheka. Siku zile sikucheka. Bila walii wa kumwozesha mwanamke hakuna nikahi, na walii wangu alikuwa Ami. Nilishauriwa niende kwa kadhi nikamshitaki kwamba ananizuilia bila sababu. Wallahi ningeshinda. Lakini baba alipofariki nilikuwa mtoto wa skuli, na tangu hapo ni Ami aliyenisomesha, ni Ami aliyekuwa akinipigia simu kila nikifanya mtihani kuniuliza kama nimekula. Sikutaka kuolewa kwa kumpita. Nilitaka aniozeshe yeye, kwa sauti yake, na uso mkunjufu. Na babu akishafanyiwa jicho alikuwa anarudi kwao, na posa yangu ingepanda ndege pamoja naye.

Jikoni nikawaka. "Wazee wawili," nilimwambia Mama Mkubwa, nikikata vitunguu kana kwamba vimenitukana, "wote wawili hawauoni hata mlango, wanagombana juu ya kitu cha miaka hamsini iliyopita!"

"Hawauoni mlango?" akasema Mama Mkubwa. "Basi si uwapeleke wakaangaliwe wote?"

Nilisimamisha kisu. Ami alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na kwa miezi alikuwa akikwepa kupasuliwa. Na nani alikuwa anapanga miadi kliniki? Mimi. Babu alikuwa amepangiwa jicho la kushoto. Nikampangia Ami la kulia, siku ile ile, asubuhi ile ile. Wagonjwa wetu wakishatoka chumba cha upasuaji wanakaa kwenye sofa moja refu mpaka daktari awapitie, na sofa hilo halina mlango wa kukimbilia.

Jambo la pili nililifanya usiku huo huo kwa simu. Nilimwambia mchumba wangu, "Una binamu Unguja mwenye Vespa?" Akasema, nani hana? "Mwambie aende huko shamba, penye hicho kituo, apige picha kila kilichobaki. Nataka nijue hicho kinachonizuia kuolewa kina sura gani."

Siku ilipofika, Ami alikwenda kimya mpaka alipolazwa na kumsikia daktari akisema jina la mji aliosomea. Daktari wetu ni Mrusi, mwanadada wa rika langu, mkono wake mwepesi kuliko wote pale. Ami alinishika kanzu yangu ya kazi. "Wewe! Jicho langu linapasuliwa na Mosko?"

"Madam huyu amepasua macho ya nusu ya Sharjah, Ami. Lala."

"Nimeponea kule wakaja kunimalizia huku!"

Daktari akataka kujua mzee anasemaje. Nikamwambia anakuombea. Babu, aliyekuwa ameshamaliza na anangojea nje, daktari alipompitia, alimsalimu kwa Kirusi alichookota kwa Warusi kule Ujerumani, akamwita komred kwa fahari kubwa. Mwanadada akacheka mpaka akashika mdomo. "My grandmother talks like this!" akasema. Halafu akaniuliza mimi dhahabu ya Deira inapanda au inashuka.

Basi nikawa nao wote wawili sofani, mmoja jicho la kushoto limefunikwa, mwingine la kulia, na macho waliyobakiwa nayo yana ukungu mtupu. Walijuana kwa sauti.

"Nani huyo?" Ami aliuliza.

"Mimi," akasema babu.

"Astaghfirullah."

"Ninyi mmewekwa pamoja kwa amri ya kliniki," niliwaambia. "Hakuna kusimama, hakuna kuinama, hakuna kupandisha presha. Atakayenyanyuka namwitia mlinzi." Na dada wa Kakamega, pale mlangoni, akajikohoza kwa sauti nzito kuthibitisha. Wakakaa. Walikaa kama watu wawili kwenye kiti cha mtu mmoja, kila mmoja amegeuzia uso ukuta wake.

Simu yangu ikalia pi, pi, pi. Picha zimefika.

Sikuweza kujizuia. "Ami, babu. Kituo chenu hiki hapa. Kimepigwa picha leo asubuhi."

Mikono minne ikanyooka! Ami akaichukua akaibandika puani. Babu akaipokonya akaiweka mbali, urefu wa mkono mzima. Haioni huyu, haioni yule. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa wakakubaliana jambo, nalo ni kwamba simu za siku hizi hazina maana. Kisha wakanigeukia mimi, jicho moja moja.

"Sema unaona nini," akasema Ami.

"Sema kweli," akasema babu.

Niliona wazi kuwa ndoa yangu imekaa kwenye ulimi wangu mwenyewe. Ningeweza kutunga neno lolote, lakini la kumfurahisha huyu lingemchoma yule, na isitoshe keshokutwa wangefunguliwa macho. Nikasema ninachokiona.

"Naona sakafu ya zege, kubwa, majani yameota kwenye nyufa. Katikati pana boliti zimetokeza."

"Boliti kubwa?" akauliza babu.

"Kubwa. Zina kutu."

"Ndizo za kombora hizo!"

"Za sahani la kunasia sauti!" Ami akarusha mkono. "Nililiona kwa macho yangu, lilikuwa linageuka hivi, linafuata chombo!"

"Presha," nikasema. Dada wa Kakamega akachungulia. "Sister, hao wazee wako wanapigana ama wanasali?" Nikamwashiria angoje.

Picha ya pili ilikuwa ya nyumba ndefu isiyo na paa. Nikawaeleza: kuta zipo, madirisha hayapo, mwishoni pana chumba chenye fremu ya mlango wa chuma. Ami akakaa wima. "Hicho," akasema. "Hicho cha mwisho. Mlango wake bado upo?"

"Mlango hakuna, Ami. Fremu tu. Picha ya tatu wamepiga kutoka mlangoni kuangalia ndani."

Babu akamgeukia. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, alikuwa anauliza kweli. "Kwani wewe si ulifanya kazi pale? Hujui kilichokuwamo?"

Nilimtazama Ami, mzee wangu, na kifuniko chake cha plastiki usoni, vidole vinasugua goti.

"Sikuwahi kuingia," akasema mwishowe. "Nilikuwa dereva. Nikileta mikate na makopo ya maziwa, napokelewa hapo mlangoni. Miaka yote niliyofanya kazi, chumba kile hakikufunguliwa nikiwa karibu. Nikiapa kwamba hapakuwa na kombora, naapia uani."

Khutba zote zile! Ijumaa zote zile!

Nilingoja babu aruke juu kwa ushindi. Hakuruka. Alivua kofia, akaiweka mapajani. "Na mimi sikuwahi kufika," akasema. "Tuliandamana mjini, shamba hatukwenda. Bango la kombora nililichora mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Wakaniambia, chora kombora. Mimi kombora nimeliona wapi? Nikaitazama kalamu yangu ya wino, nikaichora kubwa, nikaitia mabawa."

Ami akamsogelea sofani.

"Kalamu?" akauliza Ami.

"Ya wino. Ilikuwa na kifuniko cha kijani."

"Mimi nimefukuzwa Unguja na kalamu!"

"Sasa na mimi nimefanya nini, wewe ulikuwa unakitetea chumba usichokijua!" Halafu babu akanigeukia. "Mwanangu, roho zetu ziko juu. Ndani ya chumba mna nini?"

Nikatazama picha ya tatu. Nikaikuza. Nikaitazama tena, nisije nikakosea mbele ya wazee.

"Mbuzi," nikasema.

"Nini?"

"Mbuzi, Ami. Amefungwa kamba, anakula maganda ya muhogo. Na nyuma yake mna watoto wake."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Ami, kwa sauti fulani ya puani ambayo sijaisikia tena. Kisha babu, kisha wote wawili, wakashikana mabega wasije wakaanguka sofani, wanacheka, wanajaribu kusema "mbuzi" na neno halitoki. Daktari akaja mbio. Kicheko kikali si kizuri kwa jicho lililopasuliwa leo, na yeye akawa anapunga mikono. "Khalas! Baba, khalas, no laughing!" Wakimsikia wanazidi. Machozi yakawa yanatiririka, na kufuta jicho wamekatazwa, ikabidi mimi niwafute mmoja mmoja kwa pamba, chini ya vifuniko, kama watoto wachanga. Dada wa Kakamega aliacha lindo lake akaja kuona. "Wamerogwa," akasema, naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

Walipotulia, Ami akabaki ameishika simu ingawa haioni. Akaniuliza taratibu, "Barabara ya kuingilia inaonekana?"

"Inaonekana, Ami. Sasa ina lami."

"Ilikuwa ya udongo mwekundu." Akaipapasa simu. "Siku waliyofunga nilirudisha funguo, nikatembea kwa miguu mpaka mjini. Kulikuwa na watu na mabango kila pahala, nikaogopa. Nikapitiliza bandarini. Nyumbani sikupita. Mama sikumuaga. Nilisema nitarudi mambo yakitulia, kisha nikaapa sitarudi, na mama akafa baina ya maneno hayo mawili."

Hili halikuwa kwenye khutba. Mama Mkubwa mwenyewe, nilipomsimulia jioni, alikaa chini. Kumbe miaka yote tulikuwa tunalishwa makombora ili tusiulize juu ya mama. Nililia pale pale, wala sikujificha.

Babu akapapasa kwenye sofa mpaka akaupata mkono wa Ami. "Mama yako alikaa mtaa wa pili kwetu," akasema. "Kaburi lake nalijua. Liko ubavuni mwa la mke wangu. Siku tukienda kumpalilia wangu, huwapalilia na jirani zake."

Ami aliinamisha kichwa, jambo alilokatazwa, na sikumkemea.

"Twende," akasema babu.

"Nikaingie Unguja kwa mlango gani mimi? Nilitoka kama mwizi."

"Utaingia kwa mlango wa harusi. Mwenye kuozesha nani atamzuia?"

Nilikuwa nimeshika pamba mkononi, nimesimama kama nguzo. Hata dada wa Kakamega, asiyejua walii ni nini, alisogea karibu. Ami akapandisha kanzu yake mabegani, akajitengeneza, kama mtu aliyesikia wageni wanabisha hodi.

Babu hakuweza kuliachia hapo. "Lakini boliti zile," akasema, "kwa haki ya Mungu, kubwa vile za nini?"

"Nyamaza, mkwe," akasema Ami.

Mkwe! Si komred, si huyo bwana, mkwe. Alilitamka bila kuniangalia, na mimi nikatupa pamba yote kwenye ndoo na kukimbilia nje, nimeacha mapokezi bila mtu, simu ya kliniki inalia, dada wa Kakamega ananiitia nyuma kwa Kiluhya.

Joto la Oud Metha likanipokea usoni. Nikampigia mchumba wangu. Nyuma yake nilisikia maji na watu wakibishana kwa lugha mbili. Alikuwa bwawani, anaamua kesi ya mataulo.

"Vipi?" akaniuliza. "Amekubali? Babu amesema hapakuwa na kombora?"

"Hakusema," nikamwambia. "Wewe kata tiketi za Unguja. Ya Ami iwe dirishani, atakuwa ameshafunguliwa jicho."